Shauri Lisilokatwa

Kwa miezi 11 nilitembea na barua ya kuacha kazi ndani ya simu yangu. Kila Jumapili usiku niliifungua, nikaisoma kuanzia "Yah:" hadi kwenye jina langu, nikahamisha koma moja au nikaligeuza neno "naomba" kuwa "napenda", kisha nikaifunga na kulala. Siku niliyoituma, haikuwa na hoja hata moja ambayo haikuwamo wiki ya kwanza.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mtu hushindwa kuamua kwa sababu hajafikiri vya kutosha. Yapo maamuzi ya namna hiyo, lakini ni machache kuliko tunavyopenda kukiri. Kiswahili kinalieleza jambo hili vizuri: shauri hukatwa. Unaweza kulipeleka shauri lako kwa ndugu, kwa rafiki na kwa kiongozi wa dini, ukalizungusha mwaka mzima, na bado likawa halijakatwa, kwa kuwa kukata ni tendo jingine kabisa, ambalo halina budi kuangusha kipande kimoja chini. Tunachoogopa ni kile kipande kinachoanguka.

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha nadharia inayoeleza kwamba uchungu wa kupoteza humwelemea mtu kuliko furaha ya kupata kitu cha thamani ileile. Ukiyatazama maneno hayo ukiwa na uamuzi mgumu mbele yako, utaelewa kwa nini mizani haitulii: mshahara unaouacha una tarehe ya kuingia, ndoa unayoivunja ina picha ukutani, ilhali maisha unayoyaendea hayana sura wala anwani. Anayengoja hofu iishe ndipo aamue anangoja mizani iliyolemewa upande mmoja ijinyooshe yenyewe. Na katika kungoja huko methali hazikosekani, maana leo utasema subira huvuta heri, na kesho utakumbuka kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nilizitumia zote mbili, mara nyingine katika juma moja.

Mwaka 1772 Benjamin Franklin, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa Marekani, alimwandikia rafiki yake Joseph Priestley, mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa amemwomba ushauri katika jambo zito, akamjibu kwamba hawezi kumwambia aamue nini ila anaweza kumwonyesha namna ya kuamua: aigawe karatasi kwa mstari, upande mmoja aandike sababu za kukubali na upande wa pili za kukataa, aendelee kuongeza kwa siku tatu au nne, kisha afute zinazolingana uzito hadi aone salio limebaki wapi. Nilijaribu. Upande wa kubaki kazini niliandika mshahara, bima ya matibabu na wenzangu. Kisha, sababu zilipoanza kuniishia, nikaandika kwamba meza yangu iko karibu na dirisha. Niliutazama mstari huo kwa muda mrefu. Anayebaki mahali kwa ajili ya dirisha amekwisha kuamua kuondoka, ila anatafuta wa kumzuia. Kwa maoni yangu faida ya karatasi ile si hesabu yake, bali ni kwamba kalamu hukukamata unapoiba kwenye mizani.

Mwanauchumi Steven Levitt, alipokuwa Chuo Kikuu cha Chicago, alikwenda mbali zaidi: aliwaalika watu waliokwama katika maamuzi warushe sarafu kwa njia ya intaneti, na sarafu zaidi ya 20,000 zikarushwa. Katika maamuzi makubwa, kama kuacha kazi au kuvunja uhusiano, walioambiwa na sarafu wabadilike walikuwa na furaha zaidi baada ya miezi sita kuliko walioambiwa wabaki walivyo. Simshauri mtu kuikabidhi sarafu maisha yake. Lakini aliyefikia hatua ya kuiuliza sarafu ameshakaa ukingoni muda mrefu, na pengine kilichomfaa ni ruhusa tu.

Hayo yote hayamhusu aliyefiwa juzi, wala mwenye hasira za usiku huu, hao wangoje. Tena yupo anayetaka kukimbia nyumba yenye kipigo, ambaye kabla ya kuhubiriwa ujasiri anahitaji mahali salama pa kulala na mtu wa kumpokea, na sioni haki ya kumwita mwoga kwa kupanga kimyakimya.

Kwangu mimi kizuizi hakikuwa mkuu wangu wa kazi. Alikuwa baba, ambaye alijivunia kazi ile kuliko nilivyojivunia mimi, na kila nilipoifungua barua ni uso wake niliouona. Nilipolitambua hilo, uamuzi ambao ulikuwa mkubwa kama mlima ukapungua ukawa mazungumzo na mtu mmoja, jambo gumu bado, ila lenye mwanzo na mwisho. Nikajiwekea siku, Alhamisi, nikampigia simu, nikamwamkia, nikamwambia, "Baba, naacha kazi." Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Mwisho wako ni lini?" Barua niliituma asubuhi iliyofuata, na nilipoisoma tena jioni niliona kwamba ile koma niliyoihamisha karibu mwaka mzima bado haikuwa mahali pake.