Sio uvivu wa wavulana

Habari inasema SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, watoto wa kike wamewapita wa kiume kwa wingi, na wengi mnaojibu mnasema eti wavulana wavivu tu, mie sikubali kabisa. Mtoto wa kiume huku Pemba hajamaliza hata fomu 2 keshaanza kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, na wavuvi, msimu wa karafuu ndo yuko juu ya mikarafuu, anarudi na pesa mkononi na nyumbani wanamsifu keshakuwa mwanamme, sasa hapo umwambie arudi akasome miaka yote hiyo ndo aje atafute ajira atakuelewa? Wa Unguja nao wanakimbilia mahoteli ya Nungwi na Paje. Mtoto wa kike njia hizo hana, cheti ndo mshahara wake, ndo maana anakaza. Tena zamani wazee wengi walikuwa hawataki binti avuke bahari akasome Dar, ilipoanzishwa SUZA 1999 angalau akapata chuo karibu na kwao. Jamani wazazi tunawaona watoto wanatoroka skuli msimu wa karafuu na tunanyamaza kwa sababu wanaleta pesa, masheha, viongozi wetu wa mitaa, nao wanajua, kwa nini watoto hawa hawafuatiliwi?