Tembo Hakuomba Brashi

Nimetumiwa tena ile video ya tembo anayechora. Unaijua. Mkonga umeshika brashi, linatoka shina, yanafuata majani, kisha ua jekundu, na watalii wanashangilia. Chini yake maoni ni yale yale: binadamu na maumbile bega kwa bega, oh, machozi yamenitoka. Mimi macho yangu huenda pembeni, alipo mtunzaji. Mkono wake uko sikioni mwa tembo. Akilisukuma juu na chini, mstari unashuka wima. Akilivuta pembeni, mstari unakwenda kando. Kesho litachorwa ua lilelile, na picha itauzwa, na tembo atarudi kwenye mnyororo wake.

Ushirikiano gani huo?

Ukitaka kujua kama kweli umefanya sanaa pamoja na maumbile, jiulize jambo moja tu: huyo mwenzako angeweza kukuharibia kazi, nawe ukakubali? Kama hangeweza, umemtumikisha. Sema hivyo, tutakuelewa.

Nikitafuta mtu aliyekubali, namfikiria David Nash, mchongaji wa Wales. Mwaka 1978 alichonga donge kubwa la mviringo kutokana na gogo la mwaloni. Lilikuwa zito, akaona alishushe kwa kijito hadi karibu na karakana yake. Likakwama njiani. Hapo wengi wetu tungeita winchi na vijana wa kusukuma. Nash akaliacha majini, na kuanzia siku hiyo kazi ikawa ni safari yenyewe. Ni kweli, mara chache alilisaidia lilipokwama, lakini mengi yaliamuliwa na mvua. Mafuriko yakilisukuma, linasogea. Maji yakipungua, linakaa hapo hata miaka, linazidi kuwa jeusi. Yeye kazi yake ikawa kulifuata kama mzazi wa mtoto mtoro, anachora, anapiga picha, hajui kesho litalala wapi. Hatimaye likafika mlangoni mwa bahari, maji yakawa yanalipeleka na kulirudisha. Likapotea, likaonekana tena, likapotea.

Mwaka mmoja kabla ya donge hilo, Nash huyohuyo alikuwa amepanda miche 22 ya mti uitwao ash kwa duara, akawa anaipinda na kuipogoa miaka nenda miaka rudi ili ikue na kuwa kuba. Kisha ukaja ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya aina hiyo, na kuba lake halikusamehewa. Kuvu halikuomba kibali cha msanii! Inauma, lakini ukimkaribisha mwenzako mezani, usitegemee atakula unachopenda wewe.

Msanii Robert Smithson ananipa shida kidogo. Mwaka 1970 alimwaga maelfu ya tani za mawe na udongo kwa malori ndani ya Great Salt Lake, Marekani, akatengeneza njia iliyojiviringa kama gamba la konokono, yenye urefu wa mita kama 460. Kwangu huo ni ubabe. Ila ziwa lilipanda likaufunika kwa miaka mingi, na ulipoibuka ulikuwa umevaa chumvi nyeupe. Haya, nampa nusu.

Kuna pia msanii Mfaransa Hubert Duprat. Huwachukua viluwiluwi wa mdudu fulani wa majini ambao hujishonea ala ya kuishi kwa hariri yao, wakibandika mchanga na vijiti. Anawavua ala hiyo, anawawekea vipande vya dhahabu na lulu, nao wanajenga upya. Ni kazi nzuri ajabu, sikatai, japo kumvua mtu nguo kisha kumwachia dhahabu tu achague si kumpa uhuru.

Na nyie mnaopanga minara ya mawe mtoni, wadudu wa namna hiyohiyo huishi wameng'ang'ania upande wa chini wa mawe hayo. Kabla hamjaandika "mimi na mto tumeunda hiki", geuzeni jiwe muone mmemvunjia nani nyumba. Kisha lirudisheni lilipokuwa, upande uleule.