Hapa pa Uzoefu Niandike Nini?

Juma lililopita kijana mmoja niliyemfundisha zamani alinifuata na fomu ya kuomba kazi. Karatasi mbili, zimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. "Shikamoo mwalimu. Samahani, naomba unisaidie hapa." Jina amejaza. Tarehe ya kuzaliwa amejaza. Shule amejaza, tena kwa mwandiko mzuri ambao kimoyomoyo nilijisifia kuwa ni kazi yangu. Kidole chake kikatua kwenye kisanduku kilichoandikwa "Uzoefu". Alikuwa ameandika "Hakuna", akakata, halafu akaandika tena "Hakuna".

Huyu ni kijana ambaye tangu ana miaka kumi na minne alikuwa akitoka shule anakwenda moja kwa moja kwa mjomba wake, wanatengeneza simu. Anafungua, anatafuta kilichoharibika, anamtajia mwenye simu gharama, wanabishana, wanapatana, anaandika kwenye daftari. Miaka minne hiyo. Sisi walimu wake kazi yetu ilikuwa kumsimamisha nyuma ya darasa kwa kusinzia kipindi cha kwanza.

Nikamuuliza, "Na zile simu?" Akanitazama kama ninayemtania. "Aa, ile si kazi mwalimu. Ile nilikuwa nasaidia tu."

Hilo "tu" limenikaa kooni mpaka leo. Hakuzaliwa nalo. Tumemfundisha sisi.

Halafu Ijumaa yake nikaalikwa mahafali ya shule ya jirani, na hapo ndipo niliposema lazima niandike. Hotuba mnaijua, kwa hiyo nitawaepusha. Taifa la kesho, nidhamu, msibweteke, nendeni mkajiajiri. Mkajiajiri! Aliyesema hivyo ameajiriwa tangu ana miaka ishirini na tatu na gari alilojia si lake. Mstari wa tatu alikaa binti kiziwi. Mkalimani wa lugha ya alama alikuwepo, sitaki kusema uongo, kwa dakika kumi hivi za mwanzo. Kisha mpiga picha akalalamika kwamba anaziba meza kuu, akaombwa asogee pembeni, na huko pembeni binti hakumwona tena. Muda wote uliobaki alikuwa akiwatazama wenzake. Wakipiga makofi, anapiga. Wakisimama, anasimama.

Jirani yake ni kijana ambaye hesabu ikiwa ngumu hurudi kuhesabu kwa lugha ya kwao, midomo inacheza. Nyuma yao yupo yule anayegeuza herufi, ambaye walimu wake walimwita mvivu mpaka mwaka wa mwisho, alipokuja mwalimu mgeni akawaambia ile si tabia. Na wa kwanza darasani naye yupo, na shingo ndefu. Wote hao wamepewa sentensi moja: nendeni mkajiajiri.

Sasa niseme ninachotaka kusema. Mwamshe mkuu wa shule yeyote usiku wa manane umuulize asilimia ya ufaulu, atakutajia, na ya shule jirani atakutajia. Muulize waliomaliza mwaka jana wako wapi leo. Atakuuliza kama unaumwa. Shule inapimwa kwa siku ya mtihani, basi siku ya mtihani ndiyo inayoishughulikia. Mtoto akishavuka geti si wetu tena. Akifanikiwa tutaomba picha yake tuitundike ofisini. Akipotea, alikuwa na utovu wa nidhamu tangu zamani.

Na msiniambie haiwezekani kufuatilia, maana inafanyika. Marekani, ile sheria yao ya elimu kwa watoto wenye ulemavu iliyoanza mwaka 1975 na kupewa jina la IDEA mwaka 1990, inataka mwanafunzi akifika miaka 16 mpango wake uwe umeandikwa: atasomea nini baada ya hapa, atafanya kazi gani, na ikibidi, atajitegemeaje nyumbani. Mwenyewe lazima aalikwe kwenye kikao. Na majimbo yanatakiwa kuripoti kila mwaka, katika wale walioondoka shuleni, wangapi ndani ya mwaka mmoja wako chuoni au kazini. Mwaka mmoja baada ya geti! Nakubali kwa shingo upande: vikao vingi vya namna hiyo ni kutia saini tu, mtoto kakaa kimya kama kinyago na watu wazima wanamjadili. Lakini swali limeulizwa, na anayeulizwa lazima ajibu. Kinachonishangaza ni kwamba swali hilo likabaki kwa mtoto mwenye ulemavu peke yake. Huyu mwenye macho mawili na masikio mawili nani kasema anajua njia?

Finland walipopandisha umri wa elimu ya lazima hadi miaka 18, mwaka 2021, walibandika na hili: shule anayomaliza mtoto hainawi mikono. Inawajibika kumwongoza mpaka aombe nafasi kwingine, na akikosa pa kwenda, halmashauri ya anakoishi inapokea mzigo. Norway, tangu mageuzi yao ya mwaka 1994, kila mkoa una watu ambao kazi yao ni kuwatafuta vijana wasio shuleni wala kazini. Kuwatafuta, jamani. Sisi hata kumsubiri aje mwenyewe hatumsubiri.

Ujerumani nitaipitia haraka, kwa sababu kila mjadala wa elimu lazima atokee mtu aseme "tuige Ujerumani". Sawa. Siku tatu au nne kwa wiki kijana yuko kazini na fundi wake, zilizobaki yuko shule ya ufundi, na kazi zinazotambuliwa kwa mfumo huo zinapita 300. Ni mfumo mzuri, siukatai. Ila majimbo mengi huko yanawatenganisha watoto wakiwa na miaka kumi: wewe huku, wewe kule. Na watoto wa wahamiaji wengi wanajikuta upande ule ule mmoja. Mtoto wa miaka kumi! Mimi nikiwa na umri huo nilitaka kuwa dereva wa treni, na kule kwetu reli haikuwepo.

Madarasa yamejaa, ndiyo. Vitabu havitoshi, ndiyo. Kompyuta zipo ofisini zimefunikwa kitambaa zisipate vumbi, ndiyo. Hayo yana waandishi wake.

Wenzangu walimu najua mtanirukia. Tunasahihisha usiku, tunasimamia michezo, tunajaza taarifa ambazo hakuna anayezisoma, na sasa huyu anataka tuwapigie simu waliokwisha kumaliza. Mko sahihi, hii ilipaswa kuwa kazi ya walimu washauri. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na hata huko majimbo mengi hayafikii. Kwingine mshauri ni mwalimu wa dini aliyepewa ufunguo wa chumba.

Hata hivyo mimi nilijaribu. Mwaka juzi nilichukua daftari la mahudhurio la darasa moja, majina 41, nikapiga simu kwa jioni nne. Nikawapata 26. Karibu wote walianza kwa kuniuliza, "Mwalimu, kuna msiba?" Ndivyo tulivyo kwao: ukiona simu ya mwalimu, kuna mtu kafa. Kichwa cha hesabu cha darasa lile alipata nafasi ya chuo akaipoteza, kwa sababu hakujua kwamba barua ya kuitwa inajibiwa. Alidhani ukishachaguliwa umechaguliwa. Alama 91, na barua ya mistari minne ikamshinda. Binti tuliyekuwa tukimfungia geti kwa kuchelewa, kwa kuwa asubuhi alikuwa akiwaandaa wadogo zake, sasa analea watoto wa watu kwa mshahara mdogo. Anasema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna cheti cha kazi ile.

Nikapeleka matokeo kwenye kikao cha walimu. Nikashukuriwa. Ajenda iliyofuata ikawa rangi ya soksi.

Kwa hiyo nikafanya nilichoweza. Muhula mmoja nikaiweka kando insha ya "Safari niliyoifurahia" nikawafundisha kujibu barua, na kuandika ukurasa mmoja kuhusu kazi wanayoijua kuliko mimi. Wengi walikaa na karatasi nyeupe kipindi kizima. "Hatuna, mwalimu." Mmoja wao anauza mayai tangu darasa la tano. Najua atatokea mtu aniambie shule si kiwanda cha kuzalisha wafanyakazi. Nakubaliana naye nusu. Mtoto asome mashairi, ajue nyota zinavyozunguka, hata kama hatalipwa kwa hayo. Lakini anayesema hivyo mara nyingi ana mjomba mahali.

Turudi kwenye fomu. Nilimwambia kijana akate ile "Hakuna" ya pili. Nikamuuliza swali moja moja: simu ngapi kwa siku, mteja akikasirika ulifanyaje, daftari nani alilishika, mjomba akisafiri nani alibaki. Anajibu, anaandika, anasita, ananitazama kama kwamba nitamkemea kwa kudanganya. Kisanduku kilikuwa na mistari mitatu. Ikajaa. Akaniuliza kama inaruhusiwa kuendelea nyuma ya karatasi.