Mkono wangu si waya wa stima

Mama anayeniuzia sukuma wiki hapa mtaani ana swali lake la kila jioni: "Kijana wangu, stima zimerudi?" Anaulizia kidole changu kidogo cha mkono wa kulia. Mwezi wa pili nilianguka na bodaboda pale Gikomba, ukingo wa bati ukanichana chini kidogo ya kiwiko na kukata ile neva ambayo ukijigonga hapo unaruka kama umepigwa shoti. Daktari akaishona. "Bado, mama," namjibu, naye anatikisa kichwa kana kwamba fundi alinipunja.

Simlaumu. Shuleni tuliambiwa neva ni waya, tukaandika, tukapita mtihani. Kwangu mfano huo umeshapotosha watu vya kutosha. Waya ukiunganishwa, taa inawaka papo hapo. Neva yangu iliunganishwa, lakini nyuzi zote za chini ya jeraha zilikufa, kwa sababu zilitengwa na seli zake. Seli zenyewe ziko huku juu usawa wa shingo, ndani na kando ya uti wa mgongo, na karibu kila protini inayotumika kidoleni hutengenezwa huko. Lazima isafirishwe.

Ukitaka mfano, nenda soko la Marikiti alfajiri utazame mikokoteni. Ndani ya aksoni, ule uzi mrefu wa seli, kuna reli nyembamba ziitwazo mikrotubuli, na juu yake hutembea hamali aitwaye kinesini, naye ni protini. Ana miguu miwili: mmoja ukishika reli, mwingine unarushwa mbele, na kila hatua inakula molekuli moja ya ATP, mafuta ya seli. Hatua yake ni nanomita 8, kwa hiyo milimita moja tu ni hatua 125,000. Mwanasayansi Ron Vale na wenzake walimgundua mwaka 1985 kwa kuchunguza aksoni nene za ngisi kule Woods Hole, Marekani. Hamali wa kurudi, dainini, anabeba mizigo kutoka huku chini kwenda kwenye seli. Virusi vya kichaa cha mbwa hudandia safari hiyo ya kurudi hadi ubongoni, ndiyo maana ukiumwa na mbwa unaosha kidonda na kukimbilia chanjo siku hiyohiyo.

Sasa, mizigo ya haraka inaweza kwenda milimita 400 kwa siku. Ingefika kidoleni kwangu kesho kutwa. Lakini vifaa vya ujenzi, zile protini za kuunda reli na nguzo za aksoni yenyewe, huenda kama milimita moja kwa siku, nyingine zaidi kidogo. Watafiti Paul Weiss na Helen Hiscoe walikadiria mwendo wa namna hiyo mwaka 1948: walibana neva za wanyama wa maabara, shehena ikarundikana upande wa seli, walipoachia ikaanza kusogea tena. Kinachonifurahisha ni kwamba baadaye ilionekana hata hiyo mizigo mizito, ikiwa njiani, inakwenda mbio. Tatizo ni kwamba inasimama sana. Mwenye mkokoteni aliyekwama kwenye jam ya Haile Selassie Avenue ataelewa bila kuchorewa.

Neva iliyokatwa nayo huota kwa kasi ya karibu milimita moja kwa siku. Kutoka kovu langu hadi ncha ya kidole ni sentimita 38. Nimepima kwa tepu ya fundi cherehani. Fanya hesabu.

Dada wa fizio ananigongagonga kwa kidole kuanzia kifundo cha mkono akipanda juu. Pale ninaporuka kwa vijisindano ndipo ncha za aksoni zimefika, naye anatia alama kwa kalamu. Wiki iliyopita alama ilikuwa upana wa vidole vitatu chini ya ile ya mwezi uliotangulia. Jioni nikamwonyesha mama. Akavaa miwani, akaweka vidole vyake vitatu katikati ya alama hizo mbili, akaniongezea sukuma kidogo.