Yuko Fiti, Lakini Ni Mzima?

Mtu aliyewatoa Wamarekani wengi majumbani na kuwaingiza barabarani kukimbia alifia barabarani akikimbia. Jim Fixx alianza mbio akiwa na miaka 35, mnene, mvutaji wa pakiti mbili za sigara kwa siku. Akaacha sigara, akapungua mwili, na mwaka 1977 akatoa kitabu kuhusu kukimbia kilichogombaniwa madukani. Tarehe 20 Julai 1984, huko Vermont, alianguka na kufa akiwa na miaka 52. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa mishipa inayolisha moyo wake ilikuwa imeziba, mmoja kwa asilimia 95.

Miaka arobaini imepita na vifo vya namna hiyo bado vinawapa watu la kusema: "Mnakimbia wee, na kufa mnakufa kama sisi." Watu wa mazoezi nao wana lao: mtu anayemaliza kilomita kumi bila kutweta, hospitali anaifuata nini? Kosa la hao wa kwanza linajulikana, na linakemewa kila siku. La hao wa pili halisemwi sana, na linawanasa watu ambao tayari wamejitahidi. Ndiyo maana linanisumbua zaidi.

Kwanza wakimbiaji wapewe haki yao. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walikuwa watu wa tabaka moja, wakifanya kazi ndani ya basi moja. Tofauti ni kwamba dereva alishinda amekaa, na konda alipanda na kushuka mamia ya ngazi kwa siku. Makonda ndio waliopatwa kwa uchache na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na waliopatwa hawakufa kwa wingi kama madereva. Kutokana na kazi ile elimu ya mazoezi na moyo ilipata msingi wake.

Lakini Morris hakuishia hapo, na kwa hilo namheshimu sana. Mwaka 1956 timu yake ilipekua kumbukumbu za sare za kazi, ikakuta suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana kuliko za makonda, hata miongoni mwa vijana. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ile huenda waliingia nayo kazini. Mtu mwenye mwili mwepesi pengine ndiye aliyeelekea kuwa konda, si ukonda uliomfanya mwepesi. Tafiti nyingi za baadaye zimethibitisha kuwa mazoezi yanaulinda moyo kweli, ila onyo la suruali zile linabaki: tukimwona mtu fiti ana afya, hatujui bado kipi kimeleta kipi.

Turudi kwa Fixx. Baba yake alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 35 na kufa akiwa na 43. Mwana alimzidi baba kwa miaka tisa. Huenda mbio ndizo zilizomwongezea miaka hiyo, na kuacha sigara pia. Lakini daktari Kenneth Cooper, bingwa wa tiba ya mazoezi, alieleza baadaye kwamba Fixx alipotembelea kliniki yake Dallas alikataa kupimwa moyo. Mwenye historia ya familia kama ile ndiye aliyehitaji kipimo kuliko wote. Kukimbia hakukumuua. Kilichomponza ni kuichukua kasi yake kama cheti cha daktari.

Hali hiyo naiona kwetu. Jumamosi alfajiri ukipita Temeke, Dar es Salaam, utakutana na vikundi vya jogging, fulana za rangi moja, kiongozi anaimbisha na wengine wanaitikia, akina mama watu wazima na vijana bega kwa bega. Nalipenda jambo hili kwa moyo wote. Limewapa watu miili, marafiki na hata mfuko wa kuzikana, na afya kwa maana iliyoandikwa kwenye katiba ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1946 inahusu mwili, akili na maisha ya kijamii pamoja. Baada ya mbio huja supu. Angalia mkono unavyofika kwenye chumvi: inamiminwa kabla mtu hajaonja hata kijiko kimoja. Aliyekimbia anahisi amekwisha kuilipia.

Mazoezi hushusha presha, hilo ni kweli, lakini kwa wengi hayaishushi vya kutosha kama imeshapanda sana, na presha haina tabia ya kupiga hodi. Mkulima anayeshika jembe tangu alfajiri anazipita mbali zile dakika 150 za mazoezi kwa wiki zinazopendekezwa kwa watu wazima, na bado anaweza kupigwa kiharusi kwa presha ambayo hakuwahi kuijua. Huwezi kumwambia huyo aongeze mazoezi. Alihitaji mashine ya kubana mkono na mtu wa kumsomea namba.

Upande wa akili ndio mgumu zaidi, kwa sababu saa ya mkononi haiuoni kabisa. Mwaka 1978 Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000, na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mwaka 1981, pombe ikiwa imeshamshika, aliivunja tena rekodi yake mwenyewe ya mita 5,000 huko Knarvik, Norway. Nani angemwambia bingwa wa dunia kwamba anaumwa? Mapafu na miguu vilikuwa vinatoa ushahidi kinyume. Miaka iliyofuata alipoteza karibu kila kitu, na mwenyewe alilisimulia hilo waziwazi kabla ya kufariki mwaka 2024.

Je, basi kila anayefanya mazoezi apimwe? Italia inawataka kisheria wanamichezo wa mashindano wapimwe moyo tangu 1982, na watafiti wa jimbo la Veneto waliripoti kuwa vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilipungua kwa karibu asilimia 90. Mchezaji soka Nwankwo Kanu alitua Inter Milan ya Italia mwaka 1996, mwaka uleule alioiongoza Nigeria kutwaa dhahabu ya Olimpiki, na vipimo vya klabu vikagundua kasoro kwenye vali ya moyo wake. Akapasuliwa, akarudi kucheza miaka mingi. Marekani, kwa upande wake, haikukubali kumpima kila mwanamichezo kwa mashine ya umeme wa moyo, na hoja zake si za kupuuza: moyo wa mwanamichezo hukua kwa mazoezi, hivyo kipimo kinaweza kumtia hofu mzima na kumtoa uwanjani bure, na gharama ni kubwa.

Kwa kikundi cha mtaani hoja ya Marekani ina uzito zaidi. Mashine hizo wilaya nyingi zinazisubiri. Ila mashine ya presha kikundi kinaweza kuichangia. Namba zikirudiwa siku tofauti na kubaki 140 kwa 90 au zaidi, mtu huyo aende kituo cha afya, na asiache mazoezi bila kuambiwa na daktari. Na kuna maswali ambayo hayahitaji mashine yoyote, ambayo kiongozi anaweza kumuuliza mgeni kabla hajapewa fulana: umewahi kuzimia ukikimbia? Kifua kinakubana ukipanda mlima? Kwenu kuna aliyekufa ghafla akiwa bado kijana?