Nani Kakagua Jengo Kabla ya Kuturudisha Kazini?

Jamaa yangu mmoja anafanya kazi ghalani. Majuzi ardhi ilitikisika, wote wakakimbilia nje, hakuna aliyeumia. Kabla hata hawajapata pumzi, ujumbe wa msimamizi ukaingia kwenye simu zao: jengo halijaanguka, kila mtu arudi kwenye zamu yake, asiyerudi siku yake haihesabiwi. Nimeusoma ujumbe ule na hasira haijanitoka mpaka sasa. Jengo halijaanguka! Hicho ndicho kipimo pekee walichotumia.

Tukizungumzia biashara na matetemeko, mazungumzo huishia kwenye bima, kumbukumbu za kompyuta na boksi la huduma ya kwanza. Sina ugomvi na hayo. Rafu zifungwe ukutani, mitungi ya gesi ifungwe minyororo, watu wazoeshwe kuingia chini ya meza na kuishikilia. Ila ninachokililia mimi ni saa na siku zinazofuata, pale mwenye mali anapoamua peke yake kwamba hatari imekwisha.

Septemba 4, 2010, tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilipiga karibu na Christchurch, New Zealand. Ilikuwa saa 10:35 alfajiri, maofisi matupu. Jengo la CTV, lenye kituo cha televisheni, kliniki na shule ya lugha, likakaguliwa harakaharaka na kubandikwa kibandiko cha kijani, yaani ruksa kuingia. Baadaye mhandisi naye akalipitia kwa macho, bila michoro ya nguzo na mihimili yake. Watu wakaendelea kuingia kila asubuhi. Februari 22, 2011, saa 6:51 mchana, likaja tetemeko dogo kuliko lile la kwanza, ila karibu zaidi na mji. Waliokufa ni 185, na 115 kati yao walikuwa ndani ya jengo hilo moja. Tume ya uchunguzi ilikuja kusema usanifu wake ulikuwa na kasoro tangu mwanzo na halikustahili kupewa kibali cha ujenzi. Kasoro ya namna hiyo huioni kwa kuzunguka korido na tochi.

Italia ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu dawa ilikuwa rahisi mno. Mei 20, 2012, alfajiri, tetemeko lilipiga Emilia-Romagna na kuua wafanyakazi wa zamu ya usiku viwandani. Mengi ya majengo yale yalikuwa ya vipande vya zege vilivyotengenezwa kwingine na kuja kupangwa, mihimili ya paa ikiwa imekalia nguzo kwa uzito wake tu, bila bolti wala pini. Ardhi ikienda upande, mhimili huteleza, na paa hushuka nao. Viwanda vikafunguliwa tena. Mei 29, saa 3 asubuhi, likaja jingine, na wengi wa waliokufa siku ile walikuwa kazini.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba sehemu kubwa ya eneo lile haikuwekwa kwenye ramani rasmi ya matetemeko hadi 2003, hivyo waliojenga kabla ya hapo hawakuvunja sheria yoyote. Lakini baada ya Mei 20 kila mtu alikuwa ameshaona mihimili iliyodondoka! Juni, serikali ilipotoa masharti ya dharura ya kufungua viwanda, ilitaja mambo matatu: mihimili ifungwe kwenye nguzo, kuta za vipande zishikizwe imara, rafu nzito zifungwe. Mabamba ya chuma na bolti. Hayo yangeweza kuamriwa kabla watu hawajaitwa kazini.

Najua hoja ya upande wa pili. Biashara ndogo ikifungwa muda mrefu inakufa, na kibarua wa kutwa mwenyewe anataka kurudi kwa sababu nyumbani kuna njaa. Kweli. Na tetemeko likishapita, wahandisi hugombaniwa. Ndiyo maana mhandisi anatafutwa kabla. San Francisco ina utaratibu unaomruhusu mwenye jengo kuandaa mapema wahandisi wake, wenye michoro na wanaolijua jengo, ili ardhi ikitulia waende moja kwa moja kulikagua. Anayeogopa hasara ya kufunga aanzie hapo, maana ndiyo njia ya haraka ya kufungua bila kucheza kamari na maisha ya watu.

Upande wa mfanyakazi, Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unasema anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini maisha yake yako hatarini alindwe asiadhibiwe. Kumkata mtu siku yake kwa kukataa kuingia kwenye jengo lenye ufa mpya kwenye nguzo ni adhabu, hata ikiitwa utaratibu wa kampuni.

Kwa hiyo viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mkikaa tena kujadili mkataba wa pamoja, dai liwe hili: baada ya tetemeko hakuna anayeitwa ndani mpaka mhandisi mwenye michoro ya jengo aweke sahihi yake, sahihi ibandikwe mlangoni ambapo kila mtu anaisoma, na ujira wa saa za kusubiri ulipwe.