Meno ya plastiki kule, hofu ya chanjo huku

Sisi wa ughaibuni tuna wimbo mmoja: watoto wa nyumbani wanaumia kwa sababu wazazi wao hawakusoma. Anayeishi Minnesota, jimbo la Marekani, angeuacha.

Tuanze na Tanzania. Mtoto wa miezi sita anaharisha, ana homa, fizi zimevimba. Jirani anasema ni meno ya plastiki, yaani meno mabaya yanayodhaniwa kumwua mtoto yasipong'olewa. Anaitwa fundi, fizi inachanwa, mara nyingine kwa spoki ya baiskeli. Kinachong'olewa ni jino la chonge ambalo halijakomaa, jeupe na laini, na familia inaonyeshwa kama ushahidi. Mtoto anabaki na kidonda, kunyonya kunamshinda, maji mwilini yanazidi kupungua, na pepopunda imepata njia. Kuharisha hakujaguswa. Umri huo ameanza kula uji, anaokota kila kitu na kutia mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama imepungua. Meno yameangukia wakati huohuo tu.

Anachohitaji ni ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Pakiti ya lita moja hukorogwa kwenye lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita. Wengi hukosea hapa: wanaimwaga yote kwenye glasi moja, chumvi inazidi, mtoto anazidiwa. Akitapika, subiri dakika 10 kisha anza tena kijiko kimojakimoja. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Aendelee kunyonya, na apewe zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi sita, miligramu 10. Kusoma maelezo ya pakiti kunasaidia hapa, silikatai hilo.

Sasa huku. Mwaka 2004, asilimia 92 ya watoto wa Kisomali wa Minnesota walikuwa wamepata chanjo ya surua. Kufikia 2014 walibaki asilimia 42. Mwaka 2017 surua ikaingia, wagonjwa 75, wengi wao watoto hao. Wazazi waliogopa kwamba chanjo huleta usonji (autism), na hofu hiyo haikutoka kwa mganga wa kienyeji. Ilitoka kwenye makala ya daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998. Jarida la kitabibu la Lancet, lililoichapisha, liliifuta 2010, na mwaka huohuo naye akafutwa kwenye rejista ya madaktari. California, jimbo jingine la Marekani, wenye shahada zao walikuwa wakiwakatalia watoto chanjo, hadi sheria ya 2015 ikaondoa ruhusa ya kukataa chanjo za wanafunzi kwa imani binafsi. Minnesota bado mzazi anaweza kukataa kwa tamko lenye muhuri wa mthibitishaji.

Dalili za usonji huanza kuonekana mtoto akiwa na mwaka mmoja hadi miwili. Chanjo ya kwanza ya surua huku hutolewa miezi 12 hadi 15. Ni kosa lilelile la fizi: mambo mawili yamekutana kwenye kalenda, moja likabebeshwa lawama za jingine. Shahada haikingi hilo. Humpa mwenye nayo maneno mengi zaidi ya kulitetea.

Ndiyo maana muuguzi anayemfokea mama kliniki, kule au huku, hufanya kazi bure. Aulize kwanza: nani alikwambia, na mtoto alianza kuugua lini? Nyumbani, bibi naye aitwe asikilize. Mara nyingi yeye ndiye anayeamua kama fundi wa meno aitwe.